Miaka Saba ya Gemu Moja, na Pango Analipa Nani?

Tarehe 4 Septemba 2025 maduka makubwa ya gemu duniani yalikwama kwa wakati mmoja. Steam, ambako wachezaji wa kompyuta hununua gemu zao, iligoma kupokea malipo. Duka la mtandaoni la Nintendo likasuasua, la PlayStation likafuata, la Xbox nalo likayumba. Hapakuwa na wadukuzi wala waya uliokatika baharini. Ilikuwa ni gemu moja tu, Hollow Knight: Silksong, imeingia sokoni kwa bei ya dola 20 na umati wa watu umeikimbilia kwa pamoja. Siku hiyo hiyo Steam ilihesabu zaidi ya watu 500,000 wakiicheza kwa wakati mmoja.

Walioitengeneza ni kikundi kidogo cha mji wa Adelaide, kusini mwa Australia, kinachojiita Team Cherry. Waliitangaza Februari 2019, na kazi yenyewe ilikuwa imeanza kabla ya hapo. Kwa jumla ni kama miaka saba. Kwa muda wote huo mashabiki waliuliza itatoka lini, mpaka swali lenyewe likageuka mzaha. Wapo walioamini kwamba wenyewe wamegombana. Wengine walisema wamekula hela na kulala. Gemu ilipokaribia kutoka, wakuu wa kikundi, Ari Gibson na William Pellen, walieleza kuwa hakukuwa na mgogoro wowote. Walikuwa wanaifurahia kazi, kila wakipata wazo jipya wanaliingiza, na hapakuwa na bosi wa kuwasimamia.

Si kila mtu ana bahati ya kutosimamiwa kwa miaka saba. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wapo vijana wanaojifunza kutengeneza gemu usiku baada ya kazi au darasa, na karibu kila mmoja huuliza swali hilo mapema: gemu ya mtu mmoja au wawili inapaswa kuchukua muda gani? Majibu wanayopewa ni ya kalenda. Miezi mitatu, mwaka, miaka mitano. Lakini ukifuatilia jinsi gemu mashuhuri zilivyozaliwa, moja baada ya nyingine, kalenda haikuelezi mengi. Kinachoeleza zaidi ni jambo ambalo matangazo ya gemu hayalitaji kamwe: miezi yote ile, pango alikuwa analipa nani?

Kwa Team Cherry jibu ni rahisi. Gemu yao ya kwanza, Hollow Knight, ilianza kwa harambee ya mtandaoni ya Kickstarter mwishoni mwa 2014, iliyowapatia dola za Australia zaidi ya 57,000. Si fedha nyingi kwa watu wazima wanaoishi Australia, na gemu ilibidi itoke. Ikatoka Februari 2017, ikauzwa kwa mamilioni. Wateja wa gemu ya kwanza ndio walioilipia miaka saba ya gemu ya pili. Mtu anayeitazama Silksong na kusema “hata mimi nitachukua miaka saba” amekusudia kuanzia pale wenzake walipofikia.

Neno “huru” lisiwapoteze wasomaji. Mtengenezaji huru ni yule asiye chini ya kampuni kubwa inayotoa fedha na kupanga ratiba. Kampuni kama Rockstar, iliyotoa Grand Theft Auto V mwaka 2013, huajiri maelfu ya watu kwa gemu moja, na mshahara wa kila mmoja umeshapangiwa bajeti. Mtengenezaji huru anaandika programu, anachora, anapanga muziki, anabuni hadithi, anasaka kasoro, anajibu barua za wachezaji na kuitangaza gemu, mara nyingine peke yake. Akiugua mafua, kampuni nzima imeugua.

Mfano unaopendwa zaidi na wenye ndoto hizi ni wa Eric Barone. Alimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta jijini Tacoma, Marekani, mwaka 2011, akakosa kazi. Akaamua atengeneze gemu ndogo ya kilimo ili apate cha kuwaonyesha waajiri na ajiongezee ujuzi. Alikuwa ameipenda tangu utotoni gemu ya Kijapani ya Harvest Moon, inayomweka mchezaji shambani, apande, amwagilie, afuge, azoeane na wanakijiji. Yake ingekuwa kama hiyo, bora zaidi kidogo, ya miezi michache.

Ilichukua miaka minne na nusu. Barone alifanya kila kitu mwenyewe: programu, picha, muziki, mazungumzo ya wanakijiji. Alikuwa akikaa kwenye kompyuta kama saa kumi kwa siku, siku saba za wiki. Alipokuwa fundi zaidi wa kuchora, alizitazama picha zake za zamani na kuziona mbovu, akazifuta na kuanza upya, zaidi ya mara moja. Hapa ndipo muda wa watengenezaji wengi huyeyukia. Anayejifunza akiwa kazini huwa kila mwaka ni fundi bora kuliko mwaka uliotangulia, kwa hiyo kila mwaka kazi yake ya nyuma inamchefua. Asipojizuia anaweza kuirudia milele.

Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016. Nakala milioni moja ziliuzwa ndani ya miezi miwili, na kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimepita milioni 41. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mahali. Inayosahauliwa ni kwamba katika miaka ile minne na nusu Barone alikuwa akiishi na mchumba wake, Amber Hageman, na mwanamke huyo ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba huku naye akisoma. Barone mwenyewe alipata vijisenti kwa kuwaelekeza watazamaji viti vyao katika ukumbi wa Paramount, Seattle, saa chache kwa wiki. Kumsifu kwa uvumilivu ni haki yake. Ila kumwiga bila kuwa na Amber ni kuingia kwenye deni.

Ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, waliingia kwenye deni wakijua. Walianza Cuphead mwaka 2010 kama kazi ya mwisho wa wiki, wakiwa bado wameajiriwa. Walitaka gemu inayofanana na katuni za Marekani za miaka ya 1930, na hawakukubali njia ya mkato: kila mjongeo wa mhusika ulichorwa kwa mkono kwenye karatasi, ukapitishwa wino, ndipo ukaingizwa kwenye kompyuta. Katuni ya namna hiyo inahitaji picha 24 kwa kila sekunde moja. Walipoionyesha hadharani na kuona jinsi watu walivyochangamka, waliacha kazi, wakaziweka nyumba zao rehani, wakaajiri watu na kuipanua gemu. Ikatoka Septemba 2017 na kupita nakala milioni moja ndani ya wiki mbili.

Walifanikiwa, na nyumba zikabaki. Waliofanya vilevile wakashindwa hawahojiwi na magazeti, na ndiyo maana hadithi za miaka mingi husikika kana kwamba miaka yenyewe ndiyo iliyoleta ushindi.

Upande wa pili wapo waliomaliza haraka. Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam, aliitengeneza Flappy Bird kwa siku chache tu akiwa na kazi nyingine ya kuajiriwa. Ilikaa madukani miezi kadhaa tangu Mei 2013 bila kutajwa na yeyote, kisha mwanzoni mwa 2014 ikalipuka. Iliripotiwa kuwa matangazo yake yalikuwa yakimwingizia dola 50,000 kwa siku. Mwezi Februari mwaka huohuo akaiondoa madukani mwenyewe, akisema kelele zake zimemharibia utulivu wa maisha. Huo ni mkasa, na mtu asijenge mpango wa maisha juu ya mkasa. Mwenye kufundisha zaidi ni Luca Galante, Mwitaliano aliyehamia Uingereza, ambaye awali aliandika programu katika biashara ya michezo ya kamari. Vampire Survivors aliianza kama kazi ya kujifurahisha, na picha nyingi hakuzichora. Alizinunua zikiwa tayari. Fedha alizotumia kununulia picha na muziki zilikuwa kama pauni 1,100. Mwisho wa 2021 akaanza kuiuza kwa dola tatu hivi ikiwa bado haijakamilika, watu wakaipenda, naye akaendelea kuikamilisha huku mauzo yakimlipa. Oktoba 2022 ikatoka kamili. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo ya gemu bora ya BAFTA nchini Uingereza, ikiziacha nyuma God of War Ragnarök na Elden Ring, ambazo kila moja ilitengenezwa na jeshi la watu.

Kisa cha Adam Robinson-Yu, wa Kanada, kinafaa kusomwa na kila aliyekwama. Alikuwa anahangaika na gemu kubwa ya hadithi ndefu, kazi haimaliziki, moyo umechoka. Akaiweka pembeni na kuanza nyingine ndogo ya kumpumzisha akili: ndege mdogo anapanda mlima ili apate mtandao wa simu. Ndiyo yote. Ilimchukua kama miezi minne. A Short Hike ilitoka Aprili 2019, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la gemu huru, IGF, lifanyikalo Marekani. Mchezaji huimaliza kwa saa chache, na hakuna anayelalamika kuwa amepunjwa.

Mwaka 2025 jambo hilo lilijirudia kwa kishindo kikubwa zaidi. Studio mbili, Aggro Crab ya Seattle na Landfall ya Sweden, zilipeleka watu wao Korea Kusini mwezi Februari, wakapanga mahali na kukaa karibu mwezi mmoja wakitengeneza gemu moja kwa pamoja. Peak, gemu ya marafiki wanaopanda mlima wakivutana kwa mikono, ikatoka Juni mwaka huohuo kwa dola nane. Nakala milioni moja ziliondoka ndani ya wiki ya kwanza. Aggro Crab walikuwa wametumia kama miaka mitatu kwenye gemu yao iliyotangulia, na hiyo ya miezi michache ikaipita kwa mbali. Hata hivyo hawa hawakuwa wanagenzi. Walikuwa na gemu kadhaa nyuma yao, walijua kipi kinachukua wiki na kipi kinachukua siku, na mishahara ilikuwepo.

Je, kwa nini gemu ya mwezi mmoja kwa huyu inakuwa ya miaka mitatu kwa yule? Waliowahi kujenga watalielewa hili upesi. Pagale husimama haraka: msingi, tofali, linta, na jirani anaanza kukupongeza kwa nyumba. Kinachokula miaka na fedha ni kumalizia, yaani plasta, milango, nyaya, mabomba, vigae, rangi. Tom Cargill, mtaalamu wa programu katika maabara za Bell nchini Marekani, aliwahi kulisema hilo kwa utani unaotajwa hadi leo: asilimia 90 ya kwanza ya kazi hula asilimia 90 ya muda uliopangwa, na asilimia 10 iliyobaki hula asilimia 90 nyingine.

Celeste inaonyesha hesabu hiyo wazi. Maddy Thorson na Noel Berry waliitengeneza kwa mara ya kwanza katika siku nne tu, Agosti 2015, ikiwa gemu ndogo ya msichana anayekwea mlima. Ilichezeka, ilipendeza, mwendo wa mhusika ulikuwa umeshakaa sawa. Toleo kamili lilitoka Januari 2018. Hiyo ni karibu miaka miwili na nusu juu ya zile siku nne, na muda wote huo uliingia kwenye mamia ya vyumba vya kupita, hadithi, muziki, picha, mipangilio ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu au wasio na kasi ya vidole, tafsiri, na kuhakikisha gemu haizimiki ghafla kwenye kila aina ya mashine. Mambo hayo mchezaji huyaona tu yakikosekana.

Zaidi ya kumalizia kuna ukubwa. Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, aliikamilisha Papers, Please kwa miezi tisa tu: mchezaji ni ofisa wa uhamiaji mpakani, anakagua pasipoti mezani, siku baada ya siku. Meza moja, dirisha moja, foleni ya watu. Gemu yake iliyofuata, Return of the Obra Dinn, ilimpeleka mchezaji ndani ya meli nzima yenye watu sitini waliokufa au kupotea, na kila mmoja lazima atambuliwe jina lake na yaliyompata. Mtu yuleyule, kipaji kilekile, akatumia miaka zaidi ya minne, hadi Oktoba 2018. Anayetaka kujua gemu yake itachukua muda gani ahesabu kwanza idadi ya vitu vilivyomo: wahusika, vyumba, silaha, nyimbo, mistari ya mazungumzo. Vikiwa mara kumi, muda hauwi mara kumi tu, kwa sababu kila kipya lazima kipatane na vyote vya zamani.

Mbali na kuchukua miaka mingi au kumaliza haraka, ipo njia ya tatu, ambayo kwa maoni ya wengi ni ya hatari ila imewatajirisha waliojua kuitumia: kuuza kabla ya kumaliza. Markus Persson wa Sweden alianza Minecraft Mei 2009 na mwezi uliofuata alikuwa tayari ameanza kuiuza. Wanunuzi walijua wanapewa kitu kibichi, wakalipa bei nafuu, na kila toleo jipya liliwafikia bila malipo ya ziada. Toleo lililoitwa kamili lilikuja Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Kwa utaratibu huo mtengenezaji halazimiki kubahatisha kama watu wanaitaka gemu yake, maana anaambiwa kila mwezi na mfuko wake.

Ndugu Tarn na Zach Adams, wa Marekani, walikwenda mbali zaidi ya hapo. Dwarf Fortress waliianza 2002, wakaitoa bure 2006, wakaishi kwa michango ya wapenzi wa gemu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Picha zake zilikuwa herufi na alama tu za kibodi. Gharama za matibabu zilipowatisha ndipo walipokubali kuivalisha picha za kawaida na kuipeleka Steam, Desemba 2022. Januari 2023 pekee iliwaingizia zaidi ya dola milioni saba. Miaka ishirini! Lakini waliishi kwa kubana matumizi kiasi ambacho wachache wangekubali, na hawakuwahi kumwahidi mtu tarehe.

Barani Afrika swali la pango lina sura yake. Lual Mayen alizaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza akamwambia mama yake anaitaka. Mama alikuwa anashona nguo. Akaweka akiba kimyakimya kwa miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, na Mayen alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji na saa tatu kurudi. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ambayo mchezaji hapigani, anakimbia vita akiwa na wenzake na kutafuta maji na chakula. Ilisambaa kutoka simu moja hadi nyingine, ikamfikisha Marekani, na mwaka 2018 akatambuliwa jukwaani katika tuzo za The Game Awards. Ni rahisi kuhesabu muda uliotumika kutengeneza Salaam kuanzia siku aliyofungua kompyuta. Hesabu ya kweli inaanza siku mama alipoweka shilingi ya kwanza.

Yaoundé, Kameruni, Olivier Madiba na wenzake walianza kuichezea akilini gemu ya Aurion mwaka 2003, wakiwa vijana wadogo. Mwaka 2013 ndipo walipofungua studio, Kiro'o Games. Hawakuwa na benki ya kuwasikiliza, kwa hiyo waliuza hisa ndogondogo kwa watu wa ndani na nje ya nchi, kisha 2015 wakaongeza harambee ya Kickstarter iliyowapa takriban euro 50,000. Umeme ulikatika mara kwa mara huku wao wakichora. Aurion ilitoka Aprili 2016, miaka kumi na mitatu baada ya wazo na zaidi ya miwili baada ya kufungua milango. Kwa Kenya, Wesley Kirinya alikuwa ameshatoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo mafunzo ya bure ya video hayakuwa yamejaa mtandaoni kama leo, na mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha studio ya Leti Arts.

Sasa hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme kijana wa Kinondoni, Dar es Salaam, anahitaji shilingi za Tanzania 600,000 kwa mwezi za pango, chakula, nauli, umeme na bando. Akijifungia miaka minne, karibu kama Barone, amekula shilingi milioni 28.8 kabla hajauza nakala moja. Akiuza gemu kwa dola 10, Steam inachukua asilimia 30, anabaki na dola saba. Kama mnunuzi ni Mmarekani, kuna kodi ya Marekani ya asilimia 30 juu ya hizo saba, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba na nchi hiyo wa kuepusha kodi mara mbili. Zinabaki dola 4.90. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, atahitaji kuuza nakala zaidi ya 2,300 kwa Wamarekani, kwa bei kamili, ili arudishe tu alichokula. Akitumia miezi sita, anahitaji nakala 300 hivi.

Nakala 2,300 zinaonekana chache ukizilinganisha na milioni 41. Lakini mwaka 2024 pekee gemu zaidi ya 18,000 ziliingia Steam, wastani wa karibu hamsini kwa siku, na nyingi zilipita bila mtu kugeuza shingo. Among Us, ambayo leo inajulikana hata kwa wasiocheza gemu, ilitoka 2018 na ikakaa kama miaka miwili hivi kabla ya dunia kuigundua wakati wa korona. Kusubiri huko nako kuna pango lake.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Kwa anayetengeneza gemu yake ya kwanza, kati ya miezi mitatu na sita ni muda wa kutosha. Mwaka mmoja ni kikomo, na hapo awe na kazi nyingine inayomlisha. Tarehe ipangwe kwa kutazama akiba iliyopo, kisha gemu ipunguzwe mpaka iingie ndani ya tarehe hiyo. Ikiwa ni wahusika ishirini, wabaki watano. Ikiwa dunia nzima, ibaki mtaa mmoja. Faida ya kumaliza haraka ni kwamba mtu anapita hatua zote, pamoja na zile zisizofundishwa: kufungua akaunti ya duka, kujaza fomu za kodi, kukata video ya tangazo, kuvumilia maoni makali ya mchezaji wa kwanza. Miaka mingi ije baadaye, ikilipiwa na gemu ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa Team Cherry.

Vifaa vya kuanzia vipo. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure kabisa na hainyang'anyi asilimia yoyote ya mauzo. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, na Steam dola 100 kwa kila gemu. Mashindano ya Global Game Jam, yaliyoanza 2009, hufanyika kila mwaka mwezi Januari, na washiriki duniani kote hutakiwa kumaliza gemu ndani ya siku chache. Ni mahali pazuri pa kupima nguvu kabla ya kuacha kazi.

Na kwa mzazi, mke, mume au kaka mkubwa anayebeba pango la mtu wa namna hii: usimzuie, na usikae gizani. Mwambie kila mwisho wa mwezi akuwekee gemu mkononi uicheze mwenyewe, hata kama mhusika bado ni kiboksi kinachoruka. Ikipita miezi mitatu na bado unaonyeshwa michoro na kusimuliwa hadithi tu, mkae chini mpange upya.